Kabla Hamjaandika Mstari wa Kwanza: Programu ya Watu wa Kujitolea

Mmekutana watu watano, wazo ni zuri na kila mmoja ana ari. Hakuna mshahara, hakuna mkataba. Ndiyo maana kuna mambo ya kukubaliana mapema, kwa sababu anayejitolea ataondoka siku moja: atapata kazi, ataoa, atauguliwa, atachoka. Pangeni mradi mkijua hilo.

Andikeni programu ni ya nani na itamfanyia nini. Ukurasa mmoja unatosha. Kisha mtafuteni mtu huyo, mkae naye, mumsikilize.

Gawaneni kazi kwa majina na tarehe. "Tutasaidiana" si mgawanyo wa kazi.

Tumieni Git, chombo cha kutunza mafaili ya programu na historia ya mabadiliko yake, tangu mwanzo; acheni kurushiana mafaili kwenye WhatsApp. Linus Torvalds aliiunda mwaka 2005 kwa ajili ya waandishi wa kiini cha Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta), waliotawanyika dunia nzima. Kila mmoja anabaki na nakala kamili pamoja na historia yake, anafanya kazi hata bila bando, akipata mtandao anatuma.

Leseni msiiahirishe. Msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, kuonekana na kila mtu hakuufanyi kuwa huru. Msimbo usipokuwa na leseni, haki zote ni za aliyeuandika. Leseni ya MIT inamruhusu yeyote kuuchukua, hata kuuza, mradi tu aache tamko la hakimiliki na leseni yenyewe. Leseni ya GPL inamtaka anayesambaza toleo lake atoe na msimbo wake. Chagueni sasa, kwani baadaye ni mateso: watengenezaji wa VLC, programu ya kuchezea video, walipotaka kuhamisha injini yao kutoka GPL kwenda LGPL, ambayo ni nafuu zaidi, iliwabidi kuwasaka waliochangia msimbo na kuwaomba ridhaa.

Sasa funguo, yaani nywila na mamlaka ya kuingia kwenye mali za mradi. Hapa naomba msome taratibu.

Kuna kikundi nilichokuwa nakisaidia kupima programu ya vikoba: nani kaweka hisa, nani kakopa, marejesho yamefikia wapi. Kazi safi kabisa. Aliyesajili jina la tovuti alikuwa mchapakazi kuliko wote. Alitumia barua pepe yake na kadi yake, na seva (kompyuta inayoendesha programu mtandaoni) akaikodi kwa jina lake, kwa kuwa siku ile yeye ndiye aliyekuwa na hela. Hakuna aliyeona shida. Baadaye akapata ajira Ughaibuni, laini yake ya simu ikafa, na ile barua pepe ikawa haifunguki bila namba za uthibitisho zinazotumwa kwenye laini hiyohiyo. Kadi ikaisha muda. Maonyo ya malipo yakawa yanaingia kwenye sanduku lisilo na msomaji.

Seva ndiyo iliyozimwa kwanza. Jina la .com nalo likiachwa bila kulipiwa, hufika hatua ya siku 30 za kulikomboa kwa faini, halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, kisha yeyote anaweza kulinunua. Likanunuliwa. Kinamama wakifungua kuangalia akiba zao wakakuta matangazo ya kamari. Vikundi vilivyokuwa bado vinaandika daftari vilipona. Vilivyoacha daftari kwa kuiamini programu vilibaki kubishana nani anamdai nani, na mhasibu mmoja alisingiziwa wizi ambao hakuufanya. Wale vijana hawakuwa wezi wala wazembe. Walikosa tu kuuliza: huyu akiondoka, nani anafungua?

Kwa hiyo: barua pepe ya mradi, si ya mtu. Watu wasiopungua wawili wenye mamlaka kamili kwenye seva, jina la tovuti na hazina ya msimbo (mahali unapotunzwa). Ufunguo wa kusaini programu ya Android, unaothibitisha kwamba toleo limetoka kwenu, uhifadhiwe sehemu mbili. Tarehe za malipo ziwe kwenye kalenda ya wote.

Lakini msigawe funguo ovyo pia. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameingiza mlango wa siri kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika ndani ya Linux. Mtunzaji wake alikuwa mmoja, wa kujitolea, amechoka. Jia Tan akajenga kuaminiwa naye kwa miaka. Andres Freund, mwandishi wa programu, aliugundua mlango huo baada ya kushangaa kuingia kwenye seva kunachelewa nusu sekunde. Mtu akilemewa, mpeni mapumziko na msaidizi mnayemfahamu.

Mkikusanya taarifa za watu, sheria inawahusu hata kama hamlipwi: Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2019, Tanzania ya 2022. Kusanyeni mnachohitaji tu.

Nakala za akiba zijaribiwe kurudishwa, siyo kuhifadhiwa tu. Pimeni kwenye simu za bei ya chini, mtandao ukiwa dhaifu. Na akija mfadhili, someni masharti yote kabla ya kusaini, hasa kile kipengele kinachosema msimbo utakuwa mali ya nani.