Muulize Jana Alifanya Nini

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Tanga. Siku nyingi nashinda kwenye nyumba za wanawake ambao saratani ya matiti imeshasambaa mifupani, kwenye mapafu au kwenye ini. Nawaandikia manesi na wahudumu wa afya ya jamii, maana namba mnayoandika kwenye kadi ni mojawapo ya vitu anavyotazama daktari anapoamua kama mgonjwa aendelee na dripu za dawa au la.

Usianze na "unaendeleaje, mama?" Atakujibu "alhamdulillahi, sijambo," na hiyo ni adabu tu. Mama mmoja wa Makorora alikuja kliniki amejifunga kanga mpya, akatembea mwenyewe hadi kitini, nami nikamwandikia 1 kwenye kipimo cha ECOG, yaani ile namba ya kadi inayoonyesha mgonjwa anajiweza kiasi gani, kuanzia 0 hadi 4, na kubwa ndiyo mbaya. Wiki iliyofuata nilimkuta kwake amelala tangu saa 3 asubuhi, bintiye ndiye anamwogesha. Kumbe alilala siku mbili nzima kukusanya nguvu za kuja kliniki. Alistahili 3. Kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo nauliza habari za jana, saa kwa saa. Uliamka saa ngapi? Maji ya kuoga nani alikubebea? Chooni ulikwenda na nani? Uliswali umesimama au umekaa, na umeanza lini kukaa? Hili la swala nalipenda sana, kwani siku aliyoanza kuswali kitini haisahau. Kisha namwomba anayemuuguza anisimulie jana hiyohiyo, ikiwezekana tukiwa jikoni.

Sasa hesabu ya ECOG. Asiye na shida yoyote ni 0. Anayemudu kazi nyepesi lakini nzito zimemshinda ni 1. Anayejihudumia mwenyewe bila kuweza kazi, ila zaidi ya nusu ya muda anaokuwa macho hajalala wala kukaa tu, ni 2. Ikiwa zaidi ya nusu ya muda huo yuko kitandani au kitini, na kujihudumia ni kwa shida, ni 3. Asiyejiweza kabisa ni 4. Kati ya 2 na 3 ndipo tunapokosea, kwa hiyo msihurumie kalamu: hesabuni saa.

Baada ya maneno, mwili: tunapima nguvu za miguu kwa kusimama na kukaa kitini. Lakini kabla hujamsimamisha, uliza maumivu ya mgongo, nyonga na paja. Kama kuna maumivu mapya yanayozidi akikanyaga, usimpime. Mfupa ulioliwa na saratani huvunjika kwa jambo dogo, apigwe picha kwanza. Na kama miguu imelegea au imekufa ganzi ghafla, au mkojo umekataa kutoka, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na kila saa inayopita inaondoka na miguu yake.

Akiwa salama, tafuta kiti kisicho na mikono, kimo kama sentimita 43, ukiegemeze ukutani. Mikono aikunje kifuani, asimame wima na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Wewe simama karibu, uhesabu. Mkono uliovimba upande wa upasuaji ukimuuma, auache mapajani. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, alama rasmi ya kipimo hiki cha kiti (si ile ya ECOG) ni 0, ila mimi naandika pia "kwa mikono, mara 4", kwani mwezi ujao nitataka kujua kama bado ni 4. Akianza kuhema au kizunguzungu, acha.

Tazama na ndala. Zikimvuka bila yeye kujua, nyayo zina ganzi, mara nyingi ya dawa za saratani kama paclitaxel, na choo cha nje usiku ni hatari kwake.

Andika tarehe, saa uliyompima, na kiti kipi. Ziara ijayo omba kiti kilekile.