Ukitoka ziwani, lala kwanza: namna ya kupima testosteroni huru

Mkono alioninyooshea ulikuwa na magamba ya dagaa hadi juu ya kiwiko. Nilisugua kwa pamba ya spiriti mara tatu ndipo ngozi ikatakata na mshipa ukaonekana. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Alikuwa ametoka moja kwa moja soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, baada ya kukesha ziwani na taa, na njiani alipitia chai ya maziwa na chapati mbili. Fomu iliandikwa testosteroni, homoni kuu ya kiume. Nikaona muda uko sawa, kwani tulifundishwa damu hii itolewe kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Nikatoa, nikapima, majibu yakawa chini.

Kwa karatasi ile akaanza kudungwa sindano za homoni mtaani. Mwaka uliofuata alirudi na mkewe wakitafuta mtoto, na kwenye darubini sikuona mbegu hata moja. Testosteroni inayotoka nje huifanya tezi iliyo chini ya ubongo iache kuziamuru korodani, na uzalishaji wa mbegu hukoma. Aliacha sindano, akasubiri miezi mingi, mbegu zikarudi. Tulipompima upya kwa utaratibu ninaoueleza hapa, testosteroni yake ilikuwa ya kawaida. Yule kaka hakuwa mgonjwa. Alikuwa hajalala, na kosa la kutomuuliza lilikuwa langu.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalouliza sasa, kabla hata ya kufunga mpira mkononi, ni hili: "Umelala saa ngapi, na umeamka saa ngapi?" Homoni hii hupanda mtu anapolala. Kwa anayelala usiku, kilele chake huangukia alfajiri na asubuhi, ndiyo maana vitabu husema asubuhi. Mlinzi, dereva wa malori ya usiku na mvuvi wa dagaa, asubuhi yao ndiyo jioni yao. Akitaka kupimwa, alale usingizi wake wa kutosha kama alivyozoea, kisha aje ndani ya saa mbili au tatu tangu alipoamka, hata kama ni alasiri. Muda aliolala na muda aliotolewa damu uandikwe kwenye fomu.

Kwa wavuvi wetu kuna njia iliyo bora zaidi. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa, na mitumbwi mingi hupumzika. Siku hizo wanalala nyumbani usiku kama watu wengine. Nawaambia: njoo katikati ya mapumziko ya mwezi, ukiwa umeshalala vizuri usiku kadhaa mfululizo. Wanaotoka Nansio, kisiwani Ukerewe, wavuke siku moja kabla, walale mjini, waje mapema.

Uje na njaa. Maji ya kunywa hayana neno, lakini chai yenye sukari, uji au soda vingoje. Sukari ikipanda kwenye damu, testosteroni hushuka kwa muda, na kwa baadhi ya watu hushuka hadi robo nzima. Kama una malaria, homa ya matumbo au jeraha bichi, usipime. Subiri upone na nguvu zirudi, maana ugonjwa wa ghafla huishusha homoni hii kwa yeyote. Taja dawa zote unazotumia bila kuficha: prednisoloni, dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, dawa za kifafa, na zile za nguvu za kununua stendi. Taja pia vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini, ambayo kwenye baadhi ya mashine huipandisha testosteroni kwa uongo. Viache angalau siku mbili au tatu kabla.

Sasa hili neno "huru". Testosteroni nyingi kwenye damu haitembei peke yake. Sehemu kubwa imeshikiliwa na protini mbili: albumini, inayoishika kwa ulegevu, na ile inayoandikwa SHBG kwenye fomu, inayoing'ang'ania kwelikweli. Inayobaki huru ni kama asilimia 2 tu. Kipimo cha kawaida huhesabu yote kwa pamoja, iliyoshikwa na iliyo huru. SHBG ikiwa imepanda, jumla inaweza kupendeza huku iliyo huru ni haba. SHBG ikishuka, jumla hutisha bure.

SHBG hupanda kwa uzee, kwa ugonjwa wa ini, kwa VVU, kwa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na kwa baadhi ya dawa za kifafa. Hushuka kwa unene na kwa kisukari cha ukubwani. Ukijikuta kwenye mojawapo ya makundi hayo, au jumla yako ikicheza karibu na mpaka, hapo ndipo testosteroni huru inapohitajika. Vinginevyo jumla iliyopimwa vizuri inatosha, okoa hela yako.

Njia ya kuaminika kuliko zote ni dayalisisi ya msawazo. Seramu, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na damu iliyoganda, huwekwa upande mmoja wa utando mwembamba, kwenye joto la nyuzi 37 kama la mwili. Homoni iliyo huru hupenya, protini zinabaki, kisha kilichopenya hupimwa kwa spektrometa ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake. Hapa kwetu hatuna mashine hiyo. Lakini pia usilipie kile kipimo rahisi cha "testosteroni huru" cha moja kwa moja, kinachotumia kingamwili na molekuli bandia. Namba yake hufuata jumla tu na haikuambii jambo jipya, na chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2018, kilishauri kisitumike. Mtu akikuonyesha karatasi yenye testosteroni huru, muulize imepatikanaje.

Kinachobaki, na ndicho ninachokisimamia kwa dhati, ni kukokotoa. Pima vitu vitatu kwenye damu ileile: jumla ya testosteroni, SHBG na albumini. Kisha tumia fomula ya Vermeulen na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, ya mwaka 1999. Vikokotoo vyake vipo kwenye intaneti bure. Wengi huacha albumini na kujaza gramu 43 kwa lita. Kwa kijana mzima haina shida. Kwa mtu ambaye ini limeharibika, au figo zinavujisha protini, ipimwe, na ukanda huu wa ziwa wenye kichocho cha muda mrefu tunao watu wa namna hiyo.

Jaribu kikokotoo chako kwa mfano huu kabla hujakiamini. Mwanaume wa kwanza ana jumla ya nanomoli 15 kwa lita na SHBG 65 kwa kizio hichohicho. Wa pili ana jumla ya 10 na SHBG 20. Wote albumini 43. Kwa macho wa kwanza yuko vizuri zaidi. Lakini hesabu humpa wa kwanza huru ya pikomoli 192 kwa lita (pikomoli 1,000 ni nanomoli moja), na wa pili 254. Ukipata namba zilizo mbali na hizo, umekosea vizio.

Vizio vimepoteza wengi. Nanomoli moja kwa lita ni nanogramu 28.8 kwa desilita. Mpaka wa chini wa jumla unaotajwa na wataalamu wa mkojo wa Ulaya ni nanomoli 12 kwa lita, na wa huru iliyokokotolewa ni karibu pikomoli 220 hadi 225. Fomula hutoa namba iliyo juu kidogo kuliko dayalisisi, kwa hiyo usichukue mpaka wa njia moja ukapimia majibu ya njia nyingine.

Kwa wenzangu wa maabara: tumieni chupa nyekundu isiyo na jeli, damu igande nusu saa, izungushwe, seramu itenganishwe siku hiyohiyo. Sampuli ya kusafirishwa igandishwe mara moja tu. Umeme ukikatika usiku na friji ikayeyuka, mwite mteja atoe damu nyingine. Ni aibu kidogo, lakini si kama aibu ya kumpa mtu namba ya uongo.

Na hata yote yakifanyika sawa, jibu moja la chini halitoshi. Karibu watu 30 kati ya 100 wanaoanza na jibu la chini hukutwa na la kawaida wakirudia. Rudi siku nyingine ukiwa umelala vilevile, maabara ileile, mashine ileile, njaa ileile. Likibaki chini mara zote mbili, omba LH, FSH na prolaktini, homoni za ile tezi iliyo chini ya ubongo, kutoka kwenye damu ya siku hiyo, uende nazo kwa daktari kabla ya sindano yoyote, na umwambie mapema kama bado unataka watoto.