Kuponda Raha kwa Dadu Kati ya Safari Mbili

Katika mchezo wa mezani wa kuigiza, wahusika wakirudi mjini na dhahabu, kila anayetaka kujirusha atupe dadu ya pande 6, azidishe kwa 100. Hicho ndicho kiasi kinachoteketea usiku huo, na anapata pointi za uzoefu (za kumpandisha ngazi) sawa na kiasi hicho. Kijijini zidisha kwa 50, maana kilabu cha busaa kando ya ziwa hakiwezi kumeza dhahabu 600. Dhahabu zikimpungukia, analipa alizonazo, anapata pointi za alicholipa tu, salio ni deni.

Kisha atupe dadu ya pande 20, ajumlishe nyongeza ya ustahimilivu wa mhusika wake. Akifika 12, kaamka salama. Asipofika, atupe ya pande 6 kwenye jedwali la mikasa 6 unaloandaa wewe mwongoza mchezo, na hapo ndipo utamu ulipo. Kwa kundi linalocheza Kisumu, mfano: umeamka ndani ya mtumbwi katikati ya ziwa, kasia halipo. Au umevunja mrija wa mzee chunguni, kwa hiyo ukoo wake unadai mbuzi 2. Au mpiga nyatiti amekutungia wimbo wa aibu, na soko zima linauimba.

Kila mkasa uzae mtu, deni au mahali pa kwenda. Ukiweka kifo au kuibiwa upanga wa uchawi, wachezaji watakuwa walokole ghafla. Ruhusu kujirusha mara moja tu kwa kila safari, la sivyo watapanda ngazi kwa ulevi mtupu. Mkasa uliokwisha kutokea ufute, andika mwingine.