Kufufua kipokea sarafu cha mashine ya gemu na kukiunganisha waya, mpaka kikubali jero

Mashine ya gemu iliyoko sebuleni haina ulazima wa kula hela. Kitufe kimoja kinatosha kuongeza krediti (nafasi ya kucheza) na maisha yakaendelea. Ila mwenye kabati la zamani, au aliyejichongea lake kwa mbao za paina za Sao Hill, mara nyingi anataka ile raha ya kutumbukiza sarafu na kuisikia ikigonga chini. Isitoshe, sanduku lake linageuka kibubu cha nyumba.

Maelezo mengi ya kazi hii yameandikwa kwa mtu mwenye robo dola mfukoni. Haya ni ya mtu mwenye jero, yaani sarafu ya shilingi 500, anayeishi Mbeya, Iringa au Njombe, kwenye ukungu wa Juni na umeme unaokatika bila hodi.

Andaa bisibisi, mita, kichomeo na risasi yake, mswaki uliochoka, spiriti, sabuni ya unga, waya mwembamba na diodi mbili tatu (vile vipuri vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu). Vyote vipo kwa wauza vifaa vya redio na simu pale Mwanjelwa, Mbeya.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho ni kipi

Kuna koo mbili za vipokea sarafu. Ya kwanza haitumii umeme kupima sarafu. Ni chuma au plastiki, springi na sumaku, na kazi yote inafanywa na uzito wa sarafu yenyewe ikishuka. Umeme unahusika mwishoni tu, sarafu inapogusa waya mwembamba wa swichi. Ya pili ni ya umeme: ina koili zinazoihisi sarafu inapopita, inakula volti 12, na nyuma yake utakuta nyaya tatu au nne za rangi. Vibanda vya bonanza vinatumia hiyo ya pili, ndiyo maana vipuri vyake si adimu.

Kabla hujaingiza mkono, chomoa mashine ukutani. Kama skrini yake ni ya chogo, kaa mbali na kile kikombe cha mpira kilichobandikwa mgongoni mwa kioo. Volti zaidi ya 20,000 zinaweza kubaki hapo hata baada ya kuzima, na hazijali kwamba ulikuja kwa ajili ya sarafu.

Hatua ya 2: Sumaku na jero

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza muda wao, basi tukae kidogo.

Kipokea cha mitambo (ile koo ya kwanza) cha Marekani kilitengenezwa kwa robo dola: upana milimita 24.26, uzito gramu 5.67, na tangu 1965 kiini chake ni shaba iliyofunikwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Sarafu ikiingia inatua kwenye bembea ndogo. Ikiwa nyepesi mno, bembea haiinami. Ikiwa pana mno, haipiti mlangoni. Ikivuka hapo inabingirika mbele ya sumaku. Shaba hainaswi na sumaku, lakini ikipita karibu yake inapunguzwa mwendo kwa kiasi fulani, na mwendo huo ndio unaoamua itarukia njia ya kukubaliwa au itadondokea njia ya kurudishwa. Kipande cha chuma kinanasa papo hapo. Sumaku iliwekwa hasa kwa ajili ya wajanja waliokuwa wakitumbukiza washa za bolti.

Sasa chukua jero, ile yenye nyati upande mmoja na Mzee Karume upande wa pili, iliyoanza kutumika 2014. Isogeze kwenye sumaku ya spika mbovu: inanasa. Ndani yake ni chuma cha pua kisicho na haya, kimepakwa nikeli juu tu. Kwa hiyo hata ukitanua njia kwa tupa (maana jero ni pana kuliko robo dola), sumaku ya Mmarekani itaikamata kama washa.

Una njia tatu. Unaweza kung'oa sumaku, ukatanua njia na kukubali kwamba mashine itameza kitu chochote chenye umbo la jero. Kwa sebuleni si mbaya, lakini kutanua kunahitaji mkono mtulivu, na njia ikizidi sarafu inaanza kulala. Ya pili ni kuacha kipokea kama kilivyo na kutumia tokeni za shaba zenye upana unaokaribia robo dola; watoto wanapenda tokeni kuliko hela. Ya tatu ni kuweka cha umeme, unakifundisha jero na kazi imekwisha. Mimi mteja akiniuliza namshauri ya tatu, isipokuwa kabati likiwa la zamani kweli na mlango wake wa sarafu bado mzima. Hapo kutoboa ni dhambi; tumia tokeni.

Hatua ya 3: Fungua, safisha, usipake mafuta

Piga picha kwanza, kila upande. Springi za humo ni nyembamba na zikiruka chini ya kochi hazionekani tena.

Kipokea cha mitambo kina ubavu mmoja unaofunguka kama mlango kwenye bawaba yake. Ndani utakuta vumbi lililoshikana na mafuta ya mikono ya watu, tabaka jeusi kama masizi ya chungu. Cha plastiki kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki. Cha chuma kisugue kwa spiriti. Penye kutu loweka kwenye siki, suuza vizuri, kausha siku hiyo hiyo. Msasa usiguse njia inayopita sarafu. Mkwaruzo mdogo pale unabadilisha mwendo, na mwendo ndio kipimo chenyewe.

Vuta vumbi la chuma lililoganda kwenye sumaku kwa kipande cha tepu. Bembea iguse kwa kidole: lazima irudi yenyewe bila kusita.

Halafu mafuta. Kila fundi wa baiskeli atakuambia weka tone. Usiweke. Mafuta yanaalika vumbi, na kwa vumbi la Agosti kipokea kitakwama kabla ya mvua za Novemba. Kikiwa kikavu na safi kinafanya kazi vizuri zaidi. Ukiona bawaba inalia, saga kidogo ncha ya penseli, paka unga wake.

Hatua ya 4: Kiweke wima

Tumia pima maji. Kabati likiegemea nyuma au ubavuni, sarafu inabingirika upande usio wake na kukataliwa hata kama kila kitu ni kizima. Sakafu za nyumba zetu za mlimani nyingi zina mteremko kidogo. Weka kabari chini ya mguu mmoja kabla hujaanza kulaumu springi.

Hatua ya 5: Swichi na nyaya za kipokea cha mitambo

Swichi ina miguu mitatu: COM (wa pamoja), NO (njia iko wazi mpaka swichi ibonyezwe) na NC (njia imefunga mpaka ibonyezwe). Weka mita kwenye mlio, gusa COM na NO. Kimya. Sukuma ule waya mwembamba kwa ukucha: ilie. Achia: inyamaze. Ikisitasita ibadilishe tu, bei yake haistahili kubembelezwa. Angalia pia kwamba waya huo umekaa katikati ya njia ya sarafu na unarudi wenyewe. Ukipinda kidogo tu unabaki umebonyezwa, na mashine itadhani sarafu imekwama.

COM inakwenda kwenye hasi, NO inakwenda kwenye pini ya sarafu. Kwenye bodi za gemu zenye kiunganishi cha JAMMA, mpangilio wa nyaya unaotumiwa na mashine nyingi, chenye pini 56, hiyo ni pini ya 16 upande wa vipuri kwa sarafu ya kwanza, na T upande wa risasi kwa ya pili. Kwenye enkoda ya USB (bodi ndogo inayopeleka mibonyezo ya vitufe kwenye kompyuta) tafuta soketi ya kitufe chochote kilicho wazi. Hakuna volti ya kupeleka popote. Swichi inafunga njia tu.

Taa ya mlango ikiwa imekufa, weka ya LED ya volti 12 na umalize.

Hatua ya 6: Kufundisha kipokea cha umeme

Vile rahisi vinafundishwa kwa kubana sarafu moja ya mfano kati ya koili, vinalinganisha kila inayopita na hiyo. Aina iliyoenea zaidi ina vitufe vitatu na kioo kidogo cha tarakimu. Ukishaingia kwenye mpangilio utaona herufi: E ni aina ngapi za sarafu, H ni mara ngapi utaionjesha, P ni mapigo mangapi itatoa kwa kila sarafu, F ni ukali wa kuchuja. F ikiwa namba ndogo, kipokea kinakuwa mkali. Anza katikati ya 5 na 10.

Wakati wa kuonjesha, usirudierudie jero moja. Kusanya jero tofauti, mpya kutoka dukani na zile zilizochakaa kwenye daladala za Uyole, uzipitishe zote kwa zamu. Ukikifundisha kwa sarafu mpya peke yake, ile ya konda itarudishwa.

Hatua ya 7: Nyaya za kipokea cha umeme

Kwa kawaida mwekundu ni chanya ya volti 12, mweusi ni hasi, mweupe ni ishara ya sarafu, kijivu ni cha mita ya kuhesabia. Soma kibandiko kilicho ubavuni kabla ya kuamini rangi. Tumia adapta yake peke yake na uweke fyuzi ya ampea 1 kwenye chanya.

Mambo mawili yanaharibu kazi hapa. La kwanza ni hasi. Hasi ya adapta na hasi ya enkoda lazima ziungane. Bila hivyo, waya mweupe hauna kwa kurudia, na utabadilisha vifaa vizima ukidhani vimekufa.

La pili ni kupeleka volti 12 kwenye enkoda ya volti 5 au, mbaya zaidi, kwenye pini za kompyuta ndogo ya Raspberry Pi zinazotaka 3.3. Kabla ya kuunganisha mweupe, washa kipokea, pima kati yake na hasi. Ukisoma karibu na sifuri, endelea. Ukisoma 12, weka diodi ya 1N4148 katikati, mstari wake ukitazama kipokea. Ishara ya kushusha itapita, volti 12 haitarudi.

Swichi ndogo ya ubavuni iweke NO. Ile ya kasi iweke polepole. Gemu inasoma vitufe takriban mara 60 kwa sekunde, na pigo fupi mno linapita katikati ya usomaji mmoja na mwingine. Sarafu imelipwa, krediti haipo, mtoto analia.

Ukifunga mita ya kuhesabia, weka 1N4007 sambamba na koili yake, mstari upande wa chanya.

Hatua ya 8: Upande wa gemu

Kwenye MAME, programu ya kompyuta inayochezesha gemu za mashine za zamani, sarafu ya kwanza ni kitufe cha 5 cha kibodi. Bonyeza Tab, ingia kwenye mpangilio wa vitufe, chagua sarafu ya kwanza, tumbukiza jero ili ijisajili. Idadi ya krediti kwa sarafu ipange ndani ya gemu yenyewe, si kwenye kipokea. P iache 1.

Kikikataa

Sarafu inarudi kila mara: angalia wima, halafu uchafu, kisha F.

Sarafu inapita, krediti haiji: hasi, kisha kasi ya pigo.

Krediti zinajiongeza bila sarafu: swichi ya ubavuni imewekwa NC, au waya mweupe umelazwa sambamba na nyaya za umeme wa ukutani. Utenganishe. Kama zinajiongeza umeme ukikatika na kurudi tu, ni adapta. Weka stebilaiza, au zima kipokea kwa swichi yake mwenyewe mkienda kulala.

Asubuhi za baridi kinasita, mchana kinakubali: ni umande ndani ya njia. Tupia vifuko viwili vya silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na usilisukume kabati mpaka liguse ukuta wa nje.