Laptopu haiingii Windows? Usifomati kabla ya kuiuliza BIOS

Jumamosi mwanafunzi aliniletea laptopu hapa Kondele, Kisumu. Skrini nyeusi, mstari mmoja mweupe: hakuna diski ya kuwashia. Alikuwa ameshaambiwa kwingine kuwa SSD (diski ya kuhifadhia kazi zake) imekufa, na mradi wake wa mwaka wa nne umo humo. Nilipofungua, skrubu ya diski haikuwepo. Diski imechomoka upande mmoja, imesimama mshazari. Nimeumia sana, maana alikaribia kutupa kazi yake kwa sababu ya skrubu.

Kwa hiyo, tuanzie BIOS, yaani programu ya ndani ya laptopu inayoamka kabla ya Windows. Zima kabisa, washa huku ukigonga F2 (Dell na Lenovo nyingi) au F10 (HP). Tafuta jina la diski.

Halipo? Chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, na utoe waya wa betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Legeza skrubu, diski ya M.2 (ile nyembamba kama kibamba) itainuka yenyewe, ivute taratibu. Tazama meno yake ya dhahabu kwenye mwanga. Yakiwa na utando, yapanguse kwa kitambaa laini chenye alkoholi ya isopropili, yakauke, kisha sukuma diski hadi mwisho. Bado haionekani? Ijaribu kwenye laptopu nyingine, lakini hakikisha inakubali aina hiyo: diski za M.2 zina njia mbili za kuongea na laptopu, SATA na NVMe, na zote zaweza kuwa na urefu wa milimita 80, ila haziingiliani kila mahali.

Lipo? Basi ninafurahi, diski inapumua. Angalia saa na tarehe. Mwaka ukiwa wa nyuma sana, betri ndogo ya saa imeisha na mipangilio imejirudia ya kiwandani. Kisha angalia namna ya kuwasha, UEFI (mpya) au Legacy (ya zamani): Windows iliyowekwa kwenye diski iliyogawanywa kwa mtindo wa GPT inataka UEFI, ya mtindo wa MBR inataka Legacy. Ikiwa hapo pako sawa, washa kwa flashi ya Windows (ile ya kusakinishia), chagua kukarabati, fungua dirisha la amri, hakikisha herufi ya sehemu yenye Windows, kisha andika bcdboot C:\Windows (kama herufi si C, weka yako), amri inayoandika upya faili za kuwashia. Faili zako haziguswi.

Maswali

Mwalimu, BIOS inaiona diski, lakini flashi ya Windows inasema hakuna diski. Ni Intel ya kizazi cha 11.

Hiyo ni VMD, kaka, mpangilio wa Intel unaofanya flashi isiione diski bila draiva yake (programu ya kuitambulisha). Pakua draiva ya Intel RST, iweke kwenye flashi, uipakie hapo hapo. Usizime VMD kama Windows ya zamani bado unaihitaji. Huenda ikagoma kuwaka.

Fundi, baada ya kubadilisha BIOS inaniomba tarakimu 48!

Ni BitLocker, dada, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski; tarakimu hizo ndizo ufunguo wake. Ingia akaunti yako ya Microsoft kwa simu, mara nyingi ufunguo umehifadhiwa hapo. Bila ufunguo huo hakuna fundi atakayeifungua, hata umlipe kiasi gani. Mtu akikuahidi, chukua laptopu yako uondoke.