Wakubwa wakivutana, kontena lako la Kariakoo lipigie hesabu hivi

Habari za Marekani na China kuwekeana ushuru, au za meli kushambuliwa Bahari ya Shamu, hufika Kariakoo kabla ya mzigo. Wengi huishia kubishana nani atashinda. Mwagizaji ana maswali matatu tu ya kujiuliza: hii habari imegusa njia ya mzigo wangu, imegusa nauli, au imegusa pesa ninayolipia? Kama haijagusa hata kimoja, endelea na kazi zako.

Anza na njia. Kontena la Guangzhou au Ningbo, China, halipiti Suez. Linapita Mlango wa Malacca, mara nyingi linashushwa na kupandishwa meli nyingine Singapore, Port Klang au Colombo, kisha linakata Bahari ya Hindi hadi Dar. La Istanbul ndilo linalotegemea Suez na Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli Novemba 2023, kampuni nyingi za meli ziliamua kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Waagizaji wa China walijiona wako salama, lakini hawakuwa. Meli inayozunguka Afrika nzima inakawia kurudi Asia, makontena matupu yanaadimika kule, na nauli inapanda hata kwenye njia isiyo na vita. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize wakala wa meli mzigo utabadilishiwa meli bandari gani. Mzigo hukwama zaidi pale kuliko baharini.

Nauli ndiyo inayowaumiza wengi, kwa sababu huwa wanaipigia hesabu nusu. TRA hutoza ushuru juu ya CIF, yaani bei ya bidhaa, bima na nauli kwa pamoja. Tuseme nauli ya kontena la futi 40 imepanda kutoka dola 3,000 hadi 4,500. Hiyo nyongeza ya 1,500 nayo inatozwa ushuru. Kwa bidhaa inayotozwa ushuru wa asilimia 25 ni dola 375. VAT ya asilimia 18 juu ya 1,875 ni dola 337.50. Jumla umeongezewa dola 2,212.50, tozo ndogondogo bado. Ukiwa na katoni 1,200 ndani, kila katoni imepanda karibu dola 1.84. Kama umesajiliwa VAT utairejesha ukishauza, ila siku ya kutoa mzigo lazima uwe nayo mkononi.

Na usidhani wakubwa wakipatana nauli itashuka. Aprili 2025 ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulifika asilimia 145. Mei wakakubaliana ushushwe hadi 30 kwa muda, na wanunuzi wa Marekani wakakimbilia nafasi za meli kwa pamoja. Nauli za kuvuka Pasifiki zikaruka. Ndiyo maana wiki za ugomvi ni za kubana bei kiwandani: uliza kama kuna mzigo uliofutiwa oda, omba sampuli, kagua plagi na volti, maana ulitengenezwa kwa soko jingine. Wiki za mapatano ni za kuwahi nafasi ya meli.

Kwenye bima, soma kipengele cha vita. Hata bima ya mizigo ya kundi A, iliyo pana kuliko zote, haifidii vita. Kifuniko chake hununuliwa kando, kinalinda mzigo ukiwa majini, na kampuni inaweza kukifuta kwa notisi ya siku 7. Muuzaji wa CIF, yaani anayekuwekea nauli na bima ndani ya bei, halazimiki kukupa zaidi ya kundi C, ambayo ni nyembamba mno. Afadhali ununue kwa FOB, yaani muuzaji aishie kupakia mzigo melini, na bima ukate hapahapa nchini.

Pesa sasa. Malipo ya dola kwa kawaida hupitia benki za Marekani, kwa hiyo jina la kampuni, meli au bandari linalofanana na lililowekewa vikwazo linaweza kukwamisha pesa yako kwa wiki kadhaa. Kinachokwamisha zaidi ni kitu kidogo: proforma (ankara ya awali ya muuzaji) ina jina moja, akaunti ina jina jingine. Yasipolingana, usitume. Omba proforma mbili, ya dola na ya yuani, ulinganishe siku hiyohiyo kwa viwango vya benki yako. Yuani ikiwa nafuu, usisahau kujumlisha ada ya kubadilisha. Tangu 2025 kutaja bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi kumekatazwa. Maana yake unauza kwa shilingi huku deni ni la dola, hivyo dola ya kulipia salio la muuzaji inunue mapema, usingoje hadi meli ikaribie.

Mwisho, ulizia meli itafunga gati namba ngapi. Ushindani wenyewe uko hapo bandari ya Dar: gati 0 hadi 7 wanaendesha DP World wa Dubai, na 8 hadi 11, zilizokuwa chini ya Hutchison ya Hong Kong, ziko kwa ubia wenye Adani wa India na AD Ports wa Abu Dhabi. Foleni na ankara ni tofauti kila upande. Mwambie wakala wako wa forodha mapema, hati zikiwa zimekamilika kabla meli haijatia nanga, kwa sababu siku za bure za kontena zikiisha, demareji (tozo ya kuchelewesha kontena) inahesabiwa kila siku, Jumapili ikiwemo.