Jinsi ya kurekodi waimbaji watatu wakasikika kama kwaya kubwa: mbinu za albamu ya Queen ya mwaka 1975

Albamu ya A Night at the Opera, iliyotolewa na bendi ya Queen ya Uingereza mnamo Novemba 1975, ina kwaya kubwa ambayo haikuwahi kuwepo. Katika sehemu ya katikati ya wimbo wa “Bohemian Rhapsody” msikilizaji hudhani kwamba jukwaa zima la opera limejaa watu, ilhali waliokuwa wakiimba ni watatu tu: Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar ambaye wazazi wake walimwita Farrokh Bulsara, pamoja na Brian May mpiga gitaa na Roger Taylor mpiga ngoma. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipata sauti ya aina hiyo kwa kompyuta moja, maikrofoni moja nzuri na waimbaji watatu wanaoelewana. Sikusudii kukufundisha kuuiga wimbo wenyewe. Kinachofaa kuchukuliwa ni utaratibu wao wa kazi, ambao hadi leo haujapata mbadala ulio bora.

Hatua ya kwanza: andaa msingi na ugawanye sauti

Rekodi kwanza ala za msingi, yaani kinanda au gitaa, besi na ngoma, ukifuata metronomu, yaani kifaa kinachohesabu mapigo. Queen walianzia hapo hapo katika studio ya Rockfield huko Wales mnamo Agosti 1975, wakaacha kipande kitupu cha mkanda ambamo sehemu ya opera ingeingizwa baadaye. Prodyuza wao, Roy Thomas Baker, aliwahi kusimulia kwamba kila Mercury alipokuja na nyongeza mpya ya “Galileo”, neno linalorudiwa katika sehemu hiyo, ilibidi kuunganisha kipande kingine cha mkanda. Wewe unaweza kurefusha nafasi hiyo kwa kubonyeza mara moja tu, lakini usiutumie wepesi huo kuwa kisingizio cha kuingia studio bila mpango.

Andika sauti zote nne za kwaya, kuanzia ya kwanza iliyo juu hadi ya nne iliyo chini, kwa noti za sol-fa (do, re, mi) kabla ya kuwasha maikrofoni, kisha zipige kwenye kibodi moja baada ya nyingine na uzihifadhi kama rekodi nne za mwongozo. Mwimbaji atakuwa akiisikia ile anayoiimba wakati huo peke yake, kwa sababu akizisikia zote nne kwa pamoja atavutwa kwenda kwenye sauti ya kwanza bila kujitambua.

Hatua ya pili: chumba na maikrofoni

Tundika mablanketi mazito nyuma ya waimbaji na pembeni, uzime feni, kisha uwasimamishe waimbaji katika nusu duara wakiwa umbali wa sentimita 60 hivi kutoka kwenye maikrofoni. Mwenye sauti kali zaidi arudi nyuma hatua moja. Rekebisha kiwango cha kuingiza sauti mpaka kilele chake kisipite desibeli 10 chini ya sifuri kwenye kipimo cha programu ya kurekodia. Kila mmoja avae hedifoni upande mmoja tu ili sikio la pili limsikie mwenzake.

Hatua ya tatu: wote watatu waimbe noti moja

Hapa ndipo utaratibu wa Queen unapoachana na mazoea ya kwaya zetu. Mwalimu wa kwaya humpa kila mtu sauti yake na kumtaka akae nayo, na ukirekodi watu watatu kwa njia hiyo utapata watu watatu, hata ukiongeza mwangwi kiasi gani. Mercury, May na Taylor waliimba sauti moja kwa pamoja, wakairudia, kisha wakahamia sauti iliyofuata wakiwa wale wale watatu. Taylor alikuwa na sauti nyembamba yenye makali huko juu, Mercury alikuwa na nguvu katikati, na May alileta uzito wa chini. Kwa hiyo kila noti ilibeba rangi zote tatu, na noti zilipolundikwa pamoja sikio halikuweza tena kumtenga mtu mmoja na kusema huyu ni fulani.

Fanya vivyo hivyo. Anza na sauti ya nne, iliyo chini kabisa, kwa kuwa zile za juu zitaegemea juu yake. Waimbaji wote watatu waiimbe mara tatu, na kila mara wabadilishane nafasi mbele ya maikrofoni. Kisha nenda sauti ya tatu, ya pili na ya kwanza. Mwishoni utakuwa na rekodi 12, kila moja ikiwa na watu watatu, na hizo ni sauti 36. Noti iliyo juu mno kwa wawili waachie mwenye uwezo nayo aiimbe peke yake mara kadhaa. Ile noti kali inayoifunga sehemu ya opera ni ya Taylor, na hakuna aliyelazimishwa kuifikia pamoja naye.

Usinakili rekodi moja na kuisogeza kidogo ili ionekane kuwa mbili. Unene wa kwaya unatokana na tofauti ndogo za wakati na za kimo cha noti (ilivyo juu au chini) kati ya mtu na mtu, na tofauti hizo hubadilika kila silabi. Nakala iliyosogezwa huwa na tofauti ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, na matokeo yake ni sauti yenye uvungu kama ya mtu anayeimba ndani ya bomba. Kwa sababu hiyo hiyo, programu ya kunyoosha noti itumike kwa neno moja moja lililopotoka kabisa. Ukizinyoosha rekodi zote 12 utakuwa umeiua kwaya uliyotoka jasho kuijenga.

Hatua ya nne: irabu na miisho ya maneno

Maneno mengi ya Kiswahili huishia kwa irabu, jambo ambalo humrahisishia mwimbaji mmoja na kumtesa anayerekodi tabaka 12. Chukua neno “njooni” likiwa mwisho wa mstari: kama mmoja ataikata ile “i” kwenye pigo la tatu na mwingine akaivuta hadi la nne, mwisho wa mstari utapukutika. Amua ni pigo lipi irabu inakatwa, uandike namba yake juu ya neno, na mmoja wa waimbaji awaongoze wenzake kwa mkono. Kubalianeni pia kuhusu umbo la mdomo, maana “a” ya mtu anayetabasamu na “a” ya aliyedondosha taya havikai pamoja hata noti ikiwa sahihi.

Herufi “s” na “sh” zina tabia ya kulundikana na kutoa mlio wa kuchoma. Katika marudio ya pili na ya tatu, waambie waimbaji wazipitie kwa wepesi. Zile za rekodi ya kwanza zinatosha.

Hatua ya tano: unganisha mapema

Mashine ya Queen ilikuwa na njia 24 tu za kurekodia sauti kwenye mkanda, ilhali tabaka za sauti katika wimbo ule zinatajwa kufikia 180. Iliwabidi kuziunganisha kadhaa kuwa moja, kuzinakili kwenye njia nyingine, na kuendelea kurekodi juu yake. Mkanda ulipita kwenye vichwa vya mashine mara nyingi kiasi kwamba poda yake ya sumaku ilichakaa hata mwanga ukapenya.

Kompyuta haichakai hivyo, lakini nakushauri uunganishe hata hivyo. Ukimaliza sauti moja, sawazisha rekodi zake tatu masikio yakiwa bado hayajachoka, punguza masafa yaliyo chini ya hezi 100, yaani mngurumo wa chini, isipokuwa kwa sauti ya nne, kisha uzitoe kuwa faili moja na uzizime zile za awali. Utafika kwenye miksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti zote, ukiwa na faili nne badala ya 12, na maamuzi utakuwa umeshayafanya.

Hatua ya sita: tawanya, kisha gonga kengele

Sauti ya nne iache katikati, ya tatu na ya pili zipeleke kushoto na kulia kwa kiasi, na ya kwanza irudishe karibu na katikati. Mbinu nyingine iliyotumika katika albamu ile ni ya kengele: noti haziingii pamoja, bali moja inashika, ya pili inaongezeka juu au chini yake, kisha ya tatu, na zote zinaendelea kulia. Irekodi kwa kuimba kila noti mahali pake. Ukiikata kwa kompyuta utapoteza mwanzo wa pumzi.

Aliye na mwimbaji mmoja tu asikilize sehemu ya katikati ya “The Prophet’s Song” katika albamu hiyo hiyo, ambamo Mercury anaimba dhidi ya marudio ya sauti yake mwenyewe. Kwa mwendo wa mapigo 80 kwa dakika, baa ya mapigo manne huchukua sekunde 3, kwa hiyo weka urudishaji (athari inayoirudia sauti baada ya muda) wa sekunde 3, rudio la kwanza kushoto na la pili kulia, na utunge mistari ambayo noti zake zinapatana zikigongana.

Hatua ya saba: miksi

Sauti ya kuongoza iache bila kuirudufu, ili tofauti kati ya mtu mmoja na umati isikike. Mwangwi uwe mfupi. Kwaya tayari ni nene. Sikiliza kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiunganishwa kuwa kimoja, kupitia spika ya simu, na kama sauti ya pili inatoweka, isogeze karibu na katikati. Pale gitaa linapoingia kwa nguvu baada ya kwaya, kata mwangwi wote wa kwaya nusu pigo kabla, na usiuache uvuje chini ya ngoma.